Nani Alianza Kuitwa Lundo, Mtu au Mahali?

Fungua kamusi ya Kiswahili kwenye herufi L utalikuta neno lundo, ndugu wa rundo: vitu vilivyowekwa juu ya vingine hata vikainuka. Lundo la mahindi, lundo la kuni, lundo la mawe. Sasa panda gari Songea, pita Mbinga, teremka milima ya Umatengo mpaka Mbamba Bay, kisha ufuate ufuko wa Ziwa Nyasa kuelekea upande wa Liuli. Huko kuna Lundo. Kuna makazi ya nchi kavu yenye jina hilo, na kuna kisiwa chenye jina hilo hilo, kisiwa cha mawe kinachochomoza majini kana kwamba kuna aliyeyarundika. Msafiri akikiona hupiga kofi: kumbe ndiyo maana!

Kofi hilo limepigwa mapema. Jina limefasiriwa kwa lugha ya msafiri kabla hajauliza wenyeji walizungumza lugha gani siku lilipotolewa. Na swali linakuwa gumu zaidi jina la mahali linapokuwa pia jina la mtu. Akitokea mtu mwenye ubini wa Lundo akashuka katika gati la Lundo, je, yeye ndiye aliyepewa jina na mahali, au babu yake ndiye aliyepapa mahali jina? Au wawili hao wamekutana tu, kama watu wawili waliovaa shati la kitambaa kimoja bila kuwa ndugu?

Ufuko huu wa Mkoa wa Ruvuma ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, kwa sababu njia zote ambazo jina hupita kati ya watu na ardhi zimeacha alama hapa. Hoja yangu ni moja: kuuliza "jina hili maana yake nini" ni kuanza na swali la mwisho. La kwanza ni nani alimwita nani, kwa lugha gani, na nani alishika kalamu.

Kila sikio na maana yake

Tuanze na majirani wa Lundo. Kaskazini mwake, penye mdomo wa mto Ruhuhu, kuna Manda, mji wa Wamanda. Mtu wa Lamu akilisikia jina hilo atakumbuka kisiwa cha Manda, penye magofu ya mji uliokuwa ukifanya biashara ya bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mchewa wa ng'ambo ya ziwa atasikia jambo jingine kabisa, kwa sababu katika Kichewa manda ni makaburi. Jina moja, masikio mawili, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokwenda kwa Wamanda wenyewe kuuliza.

Majina ya watu nayo yako hivyo hivyo. Komba ni ubini unaojulikana mno Mbinga, Nyasa na Songea. Watanzania wengi walilizoea kupitia Kapteni John Komba, msanii na mbunge, aliyefariki mwaka 2015 na kuzikwa kwao Lituhi. Mswahili akisikia komba huona yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa. Sikio hilo limefika mbali, maana Nosy Komba, kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi mwa Madagaska, kimeitwa hivyo kwa ajili ya lemuri, wanyama walio ndugu wa huyo komba. Lakini nenda Sierra Leone, kwa watu wa Kono, utakutana na akina Komba tele. Kule ni jina la mtoto wa nne wa kiume: wa kwanza ni Sahr, wa pili Tamba, wa tatu Aiah, wa nne Komba. Asiyejua utaratibu huo angeweza kutunga hadithi ya kuhama kutoka Afrika Magharibi hadi Ziwa Nyasa, na hadithi ikapendeza, na isiwe na chembe ya ukweli.

Lundo nayo ina wajina wa mbali. Nchini Ufini, karibu na mji wa Turku, kuna manispaa iitwayo Lieto, na kwa Kiswidi, lugha ya pili ya nchi hiyo, huitwa Lundo. Katika lugha za Skandinavia neno lund ni kichaka au msitu mdogo, na limezaa ubini mwingi: Lund, Lundgren, Lundberg. Huko Sarawak, Malaysia, kuna mji wa Lundu. Hakuna anayedai kwamba wavuvi wa usipa wa Nyasa wana undugu na wakulima wa Ufini. Tunakubali upesi kwamba huko ni kugongana kwa sauti tu, kwa kuwa umbali unatusaidia kuona. Kazi ni kuwa wakali vivyo hivyo kwa wajina wa karibu, ambako moyo unatamani undugu uwepo.

Mfano wa karibu ni Lundu. Katika historia ya Wamaravi, watu ambao jina lao ndilo lililozaa jina la Malawi, kulikuwa na wakuu watatu waliotajwa sana: Kalonga, Undi na Lundu, wote wa ukoo wa Phiri. Lundu alitawala Wamang'anja wa bonde la chini la mto Shire, na wapo wanahistoria wanaomhusisha na Wazimba, wale wapiganaji walioisumbua pwani yetu mwishoni mwa karne ya 16 na kufika Mombasa mwaka 1589. Lundu ni cheo kinachorithiwa. Kila anayekikalia kiti huitwa Lundu, naye jina lake la kuzaliwa huwekwa pembeni. Ni rahisi mno kusema Lundo ya Nyasa ni nchi ya Lundu. Lakini Shire ya chini iko mbali kusini, baada ya ziwa kwisha na mto kuporomoka kwenye maporomoko yake. Ili cheo kifike ufuko wa Mbamba Bay, lazima waonekane watu waliokibeba: ukoo, kaburi, tambiko, mahali pa kutawazia. Sauti peke yake haibebi kiti cha enzi.

Upo lakini mfanano wa aina nyingine. Nchini Burundi kuna Kirundo, na katika Kirundi na Kinyarwanda kurunda ni kurundika, na ikirundo ni lundo. Hapa mfanano si wa bahati, kwa sababu lugha hizo na Kiswahili ni za ukoo mmoja wa Kibantu, na sauti zinalingana pamoja na maana. Hii ndiyo tofauti kati ya wajina na ndugu. Ndugu hufanana kwa utaratibu, neno baada ya neno. Wajina hufanana mara moja, kisha basi.

Sarufi ni shahidi asiyehongeka

Ukitaka kujua jina limetoka wapi, litazame kichwa chake. Orodhesha majina ya Wilaya ya Nyasa na Mbinga: Liuli, Lituhi, Litembo, Liparamba, Lipingo. Kisha Lundo, Lumeme, Luhangarasi. Hivyo vichwa li- na lu- ni viambishi vya ngeli, ambavyo lugha za huku, yaani Kimatengo, Kimpoto, Kimanda na Kingoni, bado zinavitumia waziwazi. Kiswahili kilipoteza kimoja kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana tunasema ukuta na ulimi mahali ambapo ndugu zetu wa bara husema kwa lu-.

Kiambishi lu- hupenda vitu virefu na vyembamba, na kwa hiyo hupenda mito. Angalia ramani ya kusini na mashariki ya Tanzania: Ruvuma, Ruhuhu, Rufiji, Ruaha, Ruvu, Luwegu. R na L hapa ni sauti moja iliyoandikwa na mikono tofauti. Wapo wanaosema Luhuhu na Luvuma hadi leo, na Wareno waliandika Rovuma, nayo Msumbiji ikabaki na tahajia hiyo. Kwa hiyo Lundo inaweza kukatwa kwa njia mbili. Ukikata lu-ndo, umepata neno la ngeli ya lu-, na utatafuta maana upande wa kijito, mwamba mrefu au mgongo wa kilima. Usipokata, ukaacha lundo liwe shina zima, umerudi kwenye chungu ya mawe.

Mtu wa kuamua ni mzungumzaji wa lugha ya hapo, kwa jambo dogo sana: upatanisho. Katika Kiswahili tunasema Lundo iko mbali au Lundo kuzuri. Majina ya mahali tumeyapangisha yote katika nyumba moja, na ushahidi umefutika. Lugha ya nyumbani mara nyingi huacha mlango wazi: kitenzi kinachofuata jina hubeba kiambishi cha ngeli yake ya asili. Ndiyo maana bibi mmoja anayesimulia habari za kisiwa kwa Kimpoto, bila kuulizwa habari ya maana, anaweza kuwa shahidi bora kuliko wazee kumi waliokusanywa kueleza asili ya jina.

Kuna na irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kimatengo kina saba, kama ilivyoelezwa na wanaisimu walioichunguza lugha hiyo, akiwemo Nobuko Yoneda wa Japani. Mwandishi mwenye irabu tano akisikiliza mwenye saba, zile mbili za ziada lazima azisukumie mahali: mara o, mara u, mara e, mara i. Kwa hiyo tofauti kati ya Lundo na Lundu kwenye karatasi ya zamani haithibitishi kitu wala haikanushi kitu. Huenda ni maneno mawili, huenda ni neno moja lililopita kwenye masikio mawili.

Mtu alipozaa mji

Katika njia tatu za kuunganisha mtu na mahali, ya kwanza ina mfano mkubwa jirani kabisa: makao makuu ya mkoa. Songea alikuwa mtu, nduna wa Wangoni, yaani mkuu msaidizi, wa ukoo wa Mbano. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 katika eneo lake, wakaliita kwa jina lake. Mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, wakamnyonga, pamoja na makumi ya viongozi wenzake. Jina lake likabaki kwenye boma la waliomwua, likawa la wilaya, la manispaa, la jimbo kuu la Kanisa Katoliki, kisha likapanda maji: meli ya M.V. Songea ilisafirisha watu na mizigo katika Ziwa Nyasa kwa miaka mingi. Mtu akazaa mji, mji ukazaa meli, na abiria aliyekata tiketi hakulazimika kujua kwamba anapanda jina la mtu.

Majina ya namna hii huwa na alama. Mara nyingi huanza na kwa: kwa Songea, kwa fulani, kama zilivyo Kwamtoro na Kwamsisi huko Dodoma na Tanga. Baada ya vizazi viwili vitatu kwa huanguka, likabaki jina tupu. Hivyo kama Lundo ilitokana na mtu, mahali pa kutafuta ni kwenye midomo ya wazee wanaosema "tunakwenda kwa…" na kwenye makaburi, maana mwenye jina huzikwa kwenye jina lake.

Upande wa milimani kuna utaratibu unaorahisisha jina la ukoo kuwa jina la mahali. Wamatengo, wale waliovumbua kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayoshika udongo na maji katika mteremko mkali, waligawa ardhi yao kwa ntambo: mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito pande zake, unaoshikwa na familia moja pana kutoka juu msituni hadi bondeni kwenye maji. Ukoo ukikaa ntambo moja kwa vizazi vinne, watu wa mbali hawatofautishi tena mlima na wenye mlima. Hapo mtu na mahali huitwa jina moja bila yeyote kuamua.

Mahali palipozaa watu

Njia ya pili ni ya kinyume, nayo kwa ufuko huu ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Wamatengo wenyewe ni mfano. Jina lao huelezwa kwamba linatokana na neno la msitu mnene, na linaingia vizuri katika historia yao: ni watu walioshika milima na misitu, na ambao uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19 uliwabana zaidi huko juu. Walioitwa watu wa msituni waliitwa hivyo na waliokuwa nje ya msitu. Jina la kabila mara nyingi hutolewa na jirani. Mwenyewe hujiita watu tu, au hujiita kwa ukoo.

Nyasa imesafiri zaidi. Katika Kiyao nyasa ni ziwa, kama nyanja ilivyo katika Kinyanja. David Livingstone alipofika upande wa kusini Septemba 1859, jina alilolichukua likawa jina la ramani, na Wazungu wakaanza kusema Ziwa Nyasa, yaani Ziwa Ziwa. Neno la kawaida likawa jina la pekee. Jina la pekee likawa la watu: Wanyasa wa Mbamba Bay na Liuli. Likawa la koloni, Nyasaland, mpaka mwaka 1964 nchi hiyo ilipojipa jina la Malawi na kuliita ziwa kwa jina hilo. Mwaka 2012 wilaya mpya ilipomegwa kutoka Mbinga ikaitwa Nyasa, na mwaka huo huo mzozo wa mpaka wa ziwa kati ya Tanzania na Malawi ukavuma upya, ukirejea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Wengine husema jina ni jina tu. Waulize wanadiplomasia wanaoandika ripoti moja yenye majina mawili ya maji yale yale.

Na jina hilo lilivuka nchi kavu likafika baharini. Misafara ya watumwa iliyotoka pande za ziwa kwenda Kilwa Kivinje iliwashusha watu Unguja, na huko waliotoka koo na lugha mbalimbali wakaitwa Wanyasa kwa jumla. Mtu aliyekuwa na jina la ukoo, la kijiji na la babu, alifika sokoni akabaki na jina la ziwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga baadaye, vibarua wa kutoka Ruvuma walipangwa na kujulikana kwa kabila. Hiyo ni kanuni ya njia ya pili: kadiri mtu anavyokwenda mbali na kwao, ndivyo jina lake linavyokuwa pana. Nyumbani hakuna anayeitwa kwa jina la kijiji, kwa sababu wote ni wa kijiji hicho. Mtu mwenye ubini wa Lundo, kama aliupata kutokana na mahali, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliupatia nje ya Lundo.

Kuna sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma na ziwa kuingia Tanzania. Serikali na mashirika ya kuhudumia wakimbizi waliwapa makazi kusini: Rutamba huko Lindi, Muhukuru upande wa Songea, na Lundo hapa ziwani miongoni mwao. Kwa hiyo jina la ufuko mdogo likaingia kwenye majalada ya Umoja wa Mataifa, na kwa watu wengi wa Msumbiji Lundo ikawa neno la utoto, la shule, la kuzaliwa. Waliporudi kwao baada ya uhuru wa mwaka 1975, walirudi na neno hilo. Mahali hutoa majina hata kwa wasiokuwa wenyeji wake.

Majina yaliyokuja na miguu yake

Njia ya tatu ni ya ubini ambao haukutoka kwenye ardhi hii hata kidogo. Wangoni waliingia Songea katikati ya karne ya 19, mwisho wa safari iliyoanzia Afrika Kusini. Kundi la mmoja wa viongozi wao, Zwangendaba, lilivuka mto Zambezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na njiani liliwachukua watu wa mataifa mengi. Pamoja na watu yalikuja majina ya ukoo, ambayo Wangoni huyaita vibongo, sawa na isibongo cha Kizulu.

Sikiliza majina ya Songea na ya Malawi ya kaskazini kwa sikio hilo. Nyoni ni ndege. Zulu ni mbingu. Moyo na Soko ni miiko ya koo za Washona na Wakalanga wa Zimbabwe ya leo. Na Soko kwao ni nyani, ambaye wa ukoo huo hamli. Mswahili anayemwona Bwana Soko humfikiria kuwa babu yake alikuwa mchuuzi. Jina halina habari za soko lolote. Lina habari za mto Zambezi.

Zaidi ya hayo, kibongo kimoja si damu moja. Katika jeshi lililokua kwa kuteka, wapo mateka waliobaki na jina la kwao na wapo waliochukua jina la bwana aliyewalea. Vizazi vitatu baadaye wote ni akina fulani, na hawaoani. Undugu umekuwa wa kweli kwa sababu watu wameuishi, ingawa haukuanzia tumboni. Kwa hiyo hata ukithibitisha kwamba watu wawili wana ubini mmoja wa asili moja, bado hujathibitisha kwamba wana babu mmoja.

Aliyeshika kalamu

Majina haya yote yaliweza kuyumba kwa raha mpaka alipofika karani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na kodi haitozwi bila orodha. Mwaka huo huo Wabenedikti walianzisha misheni ya Peramiho. Ufukoni walikuwepo Waanglikana wa UMCA, wenye makao yao kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880. Daftari la kodi na daftari la ubatizo vilitaka kitu kimoja ambacho jamii haikuwa imekihitaji: jina la pili lisilobadilika. Mtu aliyeitwa kwa jina lake akiwa mtoto, kwa jina jingine akiwa mkubwa, na kwa jina la mwanawe akiwa mzazi, alisimama mbele ya meza akaulizwa: wa nani? Aliyejibu kwa baba yake akaandikwa jina la baba. Aliyejibu kwa ukoo akaandikwa ukoo. Aliyedhani anaulizwa kwao ni wapi, akataja kwao, akaandikwa kwao. Ndugu wawili waliobatizwa misimu tofauti waliweza kutoka kanisani na ubini tofauti.

Miongoni mwa walioandika sana alikuwa William Percival Johnson, mmisionari aliyekaa ziwani kwa zaidi ya miaka 40, akatafsiri Maandiko kwa Kinyanja na kwa Kimpoto, na akafa na kuzikwa Liuli mwaka 1928. Huyu alisikiliza. Wengine walibandika. Liuli hiyo hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa kuwa mwamba wake uliwakumbusha sanamu ya Misri, na kwa jina hilo ndivyo ilivyoingia kwenye historia ya dunia: Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, moja ya mapigano ya kwanza ya majini katika Vita Kuu. Manda nayo waliiita Wiedhafen. Wajerumani walipoondoka majina hayo yaliondoka nao, kwa sababu hayakuwa na mdomo wa mtu wa kuyatamka. Wenyeji wa Liuli waliendelea kuliita jiwe lao Pomonda. Lakini angalia jambo la kuchekesha: neno bay la Waingereza, ambalo ni ghuba tu, limegoma kuondoka. Limeganda kwenye Mbamba mpaka wengi huliandika na kulitamka kama neno moja, Mbambabay, nalo limekuwa la wenyeji.

Kalamu haijakauka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu wa vitongoji vingi chini ya jina moja, na jina lililochaguliwa likayameza mengine. Hata wanasayansi wameandika: kuna samaki wa jamii ya mbuna ambaye jina lake la Kilatini limetokana na kisiwa cha Lundo, kwa kuwa alielezwa kutoka kwenye mawe yake. Na mwaka 2022, katika operesheni ya anwani za makazi, kila kijiji nchini kilitakiwa kutaja njia zake ili ziwekewe vibao.

Kupima, si kukisia

Turudi gatini. Kati ya maelezo yote, lenye miguu imara zaidi kwa kisiwa ni la shina la kurundika: neno lina ndugu halisi katika lugha za Kibantu, na umbo la mahali linalingana nalo. Lakini lina nguvu kwa sababu ya Kirundo na wenzake, si kwa sababu ya kamusi ya Kiswahili mfukoni mwa msafiri, na bado hukumu iko kwenye upatanisho wa Kimpoto. Kwa makazi ya nchi kavu swali linalofuata ni la mpangilio tu: kisiwa ndicho kilichoyapa jina, au yenyewe ndiyo yaliyokipa kisiwa? Kwa kawaida kitu kinachoonekana kwa mbali, ambacho mvuvi hukitumia kuelekeza mtumbwi, hupata jina mapema kuliko kijiji kinachohama. Na kwa ubini, ushahidi uko kwenye madaftari: akina Lundo wakionekana kwanza mbali, jina ni la mahali, wakionekana kwanza pale pale, wakiwa na makaburi na ntambo, mtu ametangulia.

Jambo hili si la burudani ya wazee. Ukoo wenye jina la kijiji huweza kudai kwamba ndio wa kwanza, na madai ya kuwa wa kwanza huishia kwenye ardhi. Methali inatuambia mwacha asili ni mtumwa, nasi tunaitikia haraka. Lakini asili iliyotungwa kwa mfanano wa sauti nayo inaweza kumfunga mtu, ikamnyima jirani yake haki kwa sababu tu jina lake halikuandikwa kwenye kibao.

Ndiyo maana karani muhimu kuliko wote sasa ni mtendaji wa kijiji. Amekaa na fomu, anauliza njia hii inaitwaje, na mbele yake kuna kijana anayetaka jina la kisasa na mzee anayelitaja jiwe, kijito na mti ulioanguka zamani. Lundo imeshaandikwa, haitapotea. Yale majina madogo yanayoizunguka, ambayo ndani yake bado ziko ngeli, irabu saba na ile kwa iliyoanguka, yana nafasi moja tu ya kufika kwenye karatasi, nayo ni siku hiyo fomu inapojazwa.